Ukuta wa Rissne na Elimu ya Kuutabiri Ufa

Leo tunawapeleka Rissne, kitongoji cha mji wa Sundbyberg, kaskazini magharibi mwa Stockholm, mji mkuu wa Sweden. Anayefika huko kwa treni ya chini ya ardhi hushukia katika kituo kilichochongwa ndani ya mwamba, na kabla ya kupanda juu penye mwanga wa jua hukutana na jambo lisilo la kawaida. Kuta za kituo hicho, upande huu na upande ule wa reli, zimeandikwa historia ya dunia kwa ramani na maelezo mafupi, kuanzia takriban mwaka 3000 kabla ya Kristo hadi mwaka 1985. Kazi hiyo ni ya wasanii Madeleine Dranger na Rolf H. Reimers, nao mwaka unaoufunga ukuta ndio mwaka ambao kituo chenyewe kilifunguliwa, katika mwezi wa Agosti.

Ukuta ulifika mwisho wake, lakini historia iliendelea. Na katika mwaka huo huo wa 1985, miezi michache kabla ya abiria wa kwanza kushuka Rissne, majarida mawili ya kitaalamu yalichapisha makala mbili ambazo hazikuwa na uhusiano wowote. Ya kwanza iliandikwa na watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Kifalme cha Teknolojia cha hapo Stockholm, kijulikanacho kwa kifupi kama KTH. Ilieleza programu ya kompyuta yenye uwezo wa kukokotoa tabia za metali zilizochanganywa. Ya pili iliandikwa Marekani na David Ackley, Geoffrey Hinton na Terrence Sejnowski, nayo ilieleza mashine inayoweza kujifunza kutokana na mifano. Leo mito hiyo miwili imekutana, na maji yake yanatumika kujibu swali linalomhusu kila mtu anayepanda gari, anayevuka daraja au anayelala chini ya dari ya zege: kitu hiki kitavunjika lini?

Swali hilo ni la zamani. Tarehe 8 Mei 1842, treni iliyokuwa ikiwarejesha watu Paris kutoka kwenye sherehe za mfalme huko Versailles ilipata ajali karibu na Meudon, baada ya ekseli ya kichwa cha treni kukatika. Zaidi ya watu 50 waliangamia, wengi wao kwa moto, kwa kuwa milango ya mabehewa ilikuwa imefungwa kwa nje. Miongoni mwa waliokufa alikuwemo Jules Dumont d'Urville, baharia mashuhuri aliyekuwa amezunguka dunia na kurudi salama. Jambo lililowashangaza wahandisi wa zama hizo ni kwamba ekseli zilizokuwa zikibeba mzigo ule ule siku nenda siku rudi bila tatizo, zilikuja kukatika ghafla siku moja pasipo kuzidishiwa uzito.

Jibu lilipatikana polepole. Kuanzia miaka ya 1850, mhandisi wa reli wa Prussia aliyeitwa August Wöhler alitengeneza mitambo ya kupinda ekseli mara maelfu na mamilioni. Alithibitisha kwamba chuma huweza kukatika kwa mzigo mdogo sana kuliko ule ambao kingeuhimili mara moja, mradi tu mzigo huo urudiwe mara nyingi. Yeyote aliyewahi kukata waya kwa kuukunja na kuukunjua kwa mikono analifahamu jambo hilo. Wataalamu waliliita uchovu wa metali. Ndani ya chuma kinachoonekana kizima huzaliwa ufa usioonekana kwa macho, nao hurefuka kidogo kidogo kila mzigo unaporudi, hadi sehemu iliyobaki inaposhindwa kubeba. Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Taabu ya mhandisi ni kwamba ufa huo haumwoneshi pa kuuziba.

Wapenzi wasikilizaji, ni katika hatua hii ndipo Sweden inapoingia katika simulizi yetu. Nchi hiyo ya misitu na migodi ya chuma iliishi kwa kuuza metali, na muuzaji wa metali hulazimika kumhakikishia mnunuzi ubora wa bidhaa yake. Katika kiwanda cha Fagersta alikuwepo mhandisi Johan August Brinell. Mwaka 1900, katika Maonyesho ya Dunia ya Paris, njia yake ya kupima ugumu wa chuma ilioneshwa kwa mara ya kwanza mbele ya mataifa. Ilikuwa njia nyepesi kabisa: gololi ya chuma kigumu yenye kipenyo cha milimita 10 hukandamizwa juu ya metali kwa uzito wa kilo 3000, kisha upana wa shimo dogo linalobaki hupimwa. Shimo likiwa pana, chuma ni laini. Likiwa finyu, chuma ni kigumu. Kabla ya hapo fundi aliujua ugumu wa chuma kwa mlio wa nyundo na kwa uzoefu wa mkono wake. Tangu hapo ugumu ukawa tarakimu inayoweza kuandikwa, kutumwa mbali kwa barua na kulinganishwa na tarakimu ya kiwanda kingine.

Hatua ya pili ilipigwa Gothenburg, katika kampuni ya beringi ya SKF iliyoanzishwa mwaka 1907. Mhandisi wake Arvid Palmgren alikabiliwa na fumbo la ajabu. Beringi zilizotoka katika chuma kimoja na mashine moja, zikazungushwa chini ya mzigo mmoja, hazikufa siku moja. Moja iliharibika mapema, na nyingine ikaishi mara nyingi zaidi ya ile. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1924, Palmgren alielekeza hesabu kwenye kundi zima badala ya beringi moja moja. Katika hesabu za beringi, swali likawa hili: baada ya mizunguko mingapi, 10 katika kila 100 zitakuwa zimekwisha kuharibika? Alipendekeza pia kwamba kila mzigo unaopita hula sehemu ya uhai wa chuma, na kwamba sehemu hizo zinaweza kujumlishwa mithili ya matumizi ya fedha katika daftari la muuza duka. Mwaka 1945 Mmarekani Milton Miner aliieneza kanuni hiyo, na hadi leo inajulikana kwa majina ya wote wawili.

Mtu wa tatu ni Waloddi Weibull, aliyezaliwa mwaka 1887 na kufariki mwaka 1979, ambaye alikuwa profesa katika KTH. Mwaka 1939 alichapisha hapo Stockholm nadharia ya kitakwimu kuhusu nguvu za vitu. Msingi wake ni mnyororo: mnyororo hukatika penye pete iliyo dhaifu kuliko zote, na kadiri unavyokuwa mrefu ndivyo uwezekano wa kuwemo pete mbovu unavyoongezeka. Hii ndiyo sababu kamba ndefu hukatika kwa urahisi kuliko kipande kifupi cha kamba hiyo hiyo. Mwaka 1951, katika jarida moja la wahandisi wa Marekani, aliionesha kanuni yake kwa mifano saba. Palikuwepo chuma cha Bofors na uchovu wa chuma cha ujenzi, lakini pia nguvu ya nyuzi za pamba ya India, urefu wa wanaume waliozaliwa katika visiwa vya Uingereza, na hata upana wa punje za maharage. Maharage na chuma katika karatasi moja! Weibull alitaka kuonesha kwamba mchoro mmoja wa hesabu unaweza kubeba matukio mengi, iwapo tu mtu amepima vya kutosha na kuandika kwa uaminifu.

Tukumbuke jambo hili, maana ndilo kiini cha makala yetu. Brinell, Palmgren na Weibull hawakuwa na kompyuta. Walichokuwa nacho ni rundo la vipimo, vikiwemo vipimo vya vitu vilivyovunjika. Utabiri wao ulijengwa juu ya kushindwa kulikowekwa katika kumbukumbu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, profesa Mats Hillert wa KTH, aliyeishi kati ya mwaka 1924 na 2022, aliongoza kizazi kipya cha watafiti wa metali. Wao waliuliza swali la mapema zaidi: ukichanganya chuma, kaboni, kromi na nikeli kwa viwango fulani, kisha ukapasha moto hadi nyuzijoto fulani, ndani ya metali hiyo patajengeka nini? Jibu la swali hilo huamua iwapo chuma kitakuwa kigumu, laini au chenye kuvunjika kama kigae. Kwa kufuata kanuni za elimu ya joto na vipimo vya maabara, Bo Sundman, Bo Jansson na Jan-Olof Andersson walianza mwaka 1981 kuunda programu iitwayo Thermo-Calc, na makala waliyoichapisha mwaka 1985 ndiyo tuliyoitaja mwanzoni. Mwaka 1997 programu hiyo ilizaa kampuni, na kampuni hiyo ina makao yake Solna, mji unaopakana na Sundbyberg, mwendo mfupi tu kutoka Rissne.

Programu hiyo bado ilifuata njia ya kale: binadamu aliandika kanuni, na kompyuta ikakokotoa. Mashine ya kujifunza hufanya kinyume. Hupewa mifano mingi pamoja na majibu yake, kisha hubahatisha, husahihishwa, na hujirekebisha yenyewe hadi makosa yapungue. Ni kama mtoto anayefuatana na mama yake sokoni. Hafundishwi kanuni ya embe lililoiva, bali baada ya kushika maembe mengi na kukosolewa mara nyingi, siku moja anachagua sawasawa na hawezi hata kueleza amejuaje.

La kuvutia ni kwamba mashine hizo zenyewe zilichimbuka kwa sehemu katika elimu ya vitu. Mwaka 1982, mwanafizikia wa Marekani John Hopfield alibuni mtandao wa kumbukumbu kwa kuazima hesabu za sumaku, ambamo kila atomu ni kama kijisumaku kinachowavuta jirani zake. Hinton na wenzake waliendeleza wazo hilo mwaka 1985. Tarehe 8 Oktoba 2024, Chuo cha Kifalme cha Sayansi cha Sweden kilitangaza hapo Stockholm kwamba Hopfield na Hinton ndio washindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Elimu ya sumaku ilisaidia kuizaa akili bandia, na sasa akili bandia inarudi kuitumikia elimu ya vitu.

Je, inaitumikia vipi? Mwanasayansi Kristin Persson alipata shahada yake ya uzamivu KTH mwaka 2001, kisha akahamia Marekani. Mwaka 2011, akiwa katika maabara ya taifa ya Lawrence Berkeley huko California, alizindua pamoja na wenzake hazina ya takwimu iitwayo Materials Project, iliyo wazi kwa watu wote. Humo zimo tabia za zaidi ya vitu laki moja, nyingi zikiwa zimekokotolewa kwa kanuni za atomu. Mnamo Novemba 2023, kampuni ya Google DeepMind ilitangaza kwamba mashine yake, iliyojifunza kutokana na takwimu za hazina hiyo, imetabiri fuwele mpya milioni 2.2, na kwamba 380,000 kati ya hizo ndizo zinazotarajiwa kuwa imara kuliko nyingine. Magazeti yalishangilia. Lakini mwaka 2024 wanakemia Anthony Cheetham na Ram Seshadri wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walizichunguza na kueleza kwamba walichokiona humo chenye upya na manufaa kwa pamoja ni kidogo sana. Kuorodhesha kitu si sawa na kukitengeneza, na kukitengeneza si sawa na kukifanya kifae.

Katika kutabiri kuharibika, mfano mmoja unatosha kuonesha uwezo wa njia hii na mipaka yake. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya majaribio ya betri 124 za lithiamu zilizochajiwa na kutumiwa tena na tena hadi kuchoka. Nyingine zilichoka baada ya mizunguko 150 tu, na nyingine zilifika 2,300. Mashine iliangalia mizunguko 100 ya mwanzo peke yake, wakati ambapo betri nyingi hazijaonesha dalili yoyote ya udhaifu, ikatabiri umri wa kila betri kwa wastani wa makosa ya takriban asilimia 9. Hayo ni mafanikio makubwa. Hata hivyo, betri hizo zilikuwa za aina moja, na zilikaa katika kabati lenye joto la nyuzi 30 bila kubadilika. Dereva wa bodaboda ya umeme anayepita Nairobi asubuhi yenye baridi, au anayeegesha pikipiki yake juani Mombasa adhuhuri, betri yake haikai kabatini.

Zege nalo lina kisa kinachofanana na hicho. Mwaka 1998 mtafiti I-Cheng Yeh wa Taiwan alifunza mtandao wa neva kutabiri nguvu ya zege. Takwimu zake za sampuli 1,030, zenye viwango vya saruji, maji, kokoto, mchanga na vinginevyo pamoja na umri wa zege, zimewekwa wazi, na wanafunzi wa nchi nyingi wamejifunzia kwazo hadi leo. Mwanafunzi wa Dar es Salaam au Kampala anaweza kuzipakua usiku huu kutoka kwenye intaneti na kupata majibu mazuri. Lakini hazikukusanywa kwa ajili ya mchanga wa mto wa kwao, wala kwa ajili ya kokoto za matumbawe zinazotumika Unguja, wala hazijui maji yenye chumvi.

Hapa ndipo jambo hili linapotugusa. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Mwezi Aprili 2016 jengo la ghorofa sita liliporomoka Huruma, Nairobi, na waliopoteza maisha walizidi 40. Novemba 2024 msiba ukarudi Dar es Salaam, mara hii Kariakoo. Baadhi ya wahandisi husema kwamba nchi zetu hazihitaji mashine za kujifunza ili kuzuia maafa kama hayo: kinachohitajika ni kumwaga zege katika kiboksi, kulisubiri siku 28, kulikandamiza hadi lipasuke, na kumzuia mjenzi asiendelee iwapo tarakimu ni ndogo. Hoja hiyo ina uzito, wala hakuna kompyuta itakayoziba pengo la mkaguzi asiyefika. Lakini kiboksi kile kile cha zege, kikipasuliwa na tarakimu yake ikaandikwa na kuhifadhiwa badala ya kutupwa pamoja na kifusi, ndicho chakula cha mashine. Kazi ya kulinda maisha ya leo na kazi ya kujenga elimu ya kesho huanzia katika daftari moja.

Wala tusidhani kwamba elimu ya vitu ni ngeni kwetu. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha utafiti kuhusu uyeyushaji wa chuma huko Buhaya, magharibi mwa ziwa Victoria, katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Kagera nchini Tanzania. Walionesha kwamba mafundi wa huko walitengeneza chuma chenye kaboni kati ya miaka 1500 na 2000 iliyopita. Katika miaka hiyo ya 1970, wazee waliokumbuka kazi hiyo walijenga upya tanuri mbele ya watafiti. Mafundi hao walijua udongo upi unahimili moto na mkaa upi unafaa. Walijua pia, bila shaka, jembe lipi litavunjika. Lakini maarifa yao yalikaa vichwani na mikononi, na chuma cha bei nafuu kilipoingia kutoka ng'ambo, tanuri zilizimika na sehemu kubwa ya maarifa hayo ikaenda kaburini. Chuma cha Fagersta na chuma cha Buhaya vyote vilipitia moto. Kimoja kiliandikiwa tarakimu mwaka 1900, na kingine hakikuandikiwa.

Leo Afrika Mashariki inajenga kwa kasi. Reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na treni za umeme zikafika Dodoma kutoka Dar es Salaam mwaka 2024. Ekseli za treni hizo, kama zile za mwaka 1842, zinachoka kila zinapozunguka, na reli za pwani zinalambwa na hewa ya chumvi. Kila ekseli inayokaguliwa na kila nondo inayojaribiwa ni mfano mmoja ambao mashine ingeweza kujifunza. Visipowekwa kumbukumbu, tutalazimika kununua utabiri uliofundishwa kwa vyuma vya wengine, katika baridi ya wengine, kisha tushangae unapotudanganya.

Wapenzi wasikilizaji, turejee Rissne kabla hatujaagana. Treni inaingia kituoni, milango inafunguka, na abiria wanashuka mbele ya miaka 5000 ya historia. Wengi hawatazami, kwa kuwa wanawahi kazini au wanarudi kwa watoto. Chini yao magurudumu yanazunguka juu ya beringi, na beringi zinahesabiwa umri kwa kanuni za Palmgren na Weibull, ambao majina yao abiria wengi hawajawahi kuyasikia. Wanafika salama kwa sababu watu fulani walivunja vyuma makusudi, wakaandika walichokiona, kisha wakayahifadhi maandishi hayo kwa wajukuu. Ukuta wa Rissne ulikoma mwaka 1985. Madaftari yetu ya zege, ya reli na ya betri bado yana kurasa nyeupe, na wa kuziandika ni sisi wenyewe.